Nyama inashika moto kila nikibanika: wachomaji mnauzuiaje?

Mtoto wa Kimara

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi iliyopita mwanangu alipata kipaimara. Nikasema safari hii sikodi mchomaji, nabanika mwenyewe. Nikaazima jiko la pipa kwa jirani, lile pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu, nikamwaga debe zima la mkaa na kuutandaza kuanzia mwanzo wa pipa hadi mwisho. Nikapepea mpaka ukakolea. Kilo tano za mbavu za kitimoto, yaani nguruwe, kilo tatu za kondoo. Mpango ulikuwa nyama ipigwe moto mkali kwanza ishike rangi, halafu ndiyo nipunguze.

Dakika ya nne hivi nikasikia tone moja, chwaa. Likafuata la pili. Kufumba na kufumbua pipa zima linawaka kama biwi la takataka, hata mbavu sizioni. Shemeji yangu, aliyekuwa amekaa pembeni na chupa yake akinikosoa tangu saa nne asubuhi, akainuka na jagi la maji akalimwaga lote. Majivu yakaruka mpaka kwenye keki. Mvuke ukanibabua mkono wa kulia kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko.

Nyama ilitoka nyeusi, na juu yake vumbi la majivu kama imenyunyiziwa unga wa muhogo. Nilipokata karibu na mfupa, damu. Mama mkwe akala wali na kachumbari, hakusema neno. Ule ukimya ndio unaoniuma kuliko mkono.

Mwezi ujao anakuja tena. Nipunguze mkaa? Ninyunyizie maji kidogo kidogo? Au nyama niliyouziwa ndiyo mbaya?

Kichwa Maji

Shemeji apewe kadi nyekundu. Pole mkuu, mimi nakaa hapa nisubiri wataalamu.

Chupa ya Mwisho

Dawa rahisi sana hii. Chukua chupa ya bia, toboa kizibo kwa msumari matundu matatu, kirudishe. Moto ukipanda unatikisa chupa juu yake, pss pss, unatulia, na nyama inanukia. Baa zote ninazokaa wanafanya hivyo.

Mzee wa Wavu

Mtoto wa Kimara, pole na mkono. Nimesimama nyuma ya wavu hapa Arusha miaka kumi na tisa. Nilianza kwa kumenya ndizi za kuchoma, sasa nina kibanda changu. Wingi wa mkaa haukukuponza, wala nyama haina kosa. Umeponzwa na kule kuutandaza pipa zima. Nyama yako haikuwa na pa kukimbilia.

Tuanze na kinachowaka. Mkaa ulioiva hauna ulimi wa moto, unang'aa tu na kuvaa majivu meupe. Mafuta yakidondokea kaa yanageuka mvuke pale pale, na mvuke huo ndio unaoshika moto. Ulimi ukipanda unaipasha nyama zaidi, nyama inatoa mafuta zaidi, matone yanaongezeka, ulimi unarefuka. Ni mkopo wa kausha damu: kila dakika unayozubaa, deni linazaa.

Mimi mkaa nausukumia upande mmoja. Karibu theluthi mbili ya pipa ina mkaa, theluthi moja haina hata kaa moja, na pale chini nimeweka sinia kuukuu la kukinga mafuta. Huko penye mkaa nako sipasawazishi, kuna mlima na kuna mteremko. Kwa hiyo wavu mmoja una sehemu tatu: pa kupiga rangi, pa kuivisha, na pa kupumzikia. Ukitaka kujua moto wa kila sehemu, weka kiganja juu ya wavu, kimo cha kopo la maziwa, uhesabu taratibu. Ukishindwa kufika tatu, hapo ni pa kupigia rangi. Ukifika saba au nane, hapo nyama itaiva bila kuungua.

Sasa mbavu za kitimoto. Wewe ulianza na moto mkali wakati mafuta yote bado yamo. Geuza mpango. Ziweke kwanza upande usio na mkaa, ufunike. Mafuta yatatiririka polepole kwenye sinia, hayamwudhi mtu. Nyama ikikaribia kuiva, mafuta mengi yameshatoka, ndipo unaisogeza kwenye mlima wa mkaa ishike rangi. Dakika moja au mbili kila upande, na hapo usiongee na simu. Steki isiyo na mafuta, au mnofu wa mbuzi, hiyo hata ukianza nayo kwenye moto mkali haikusumbui.

Halafu koleo lisitoke mkononi. Ulimi ukipanda usihangaike na moto, hamisha nyama. Moto uliokosa tone unajifia wenyewe, hata kumi huhesabu. Watu wengi wanapigana na moto wakati nyama imebaki pale pale inaulisha.

Na huyo shemeji mwambie hivi: lita moja ya maji ikichemka yote inatoa kama lita 1,700 za mvuke. Ndiyo hiyo iliyokutana na mkono wako, na ndiyo iliyobeba majivu kwenye keki.

Chupa ya Mwisho

Mzee shikamoo. Lakini bia mbona inazima? Nimeona kwa macho yangu.

Mzee wa Wavu

Marahaba. Inazima, sikatai. Tone moja moja kwenye kaa moja linazima. Lakini angalia nyama baada ya hapo: ina madoa ya kijivu. Ni majivu hayo, na mlevi wa saa tano usiku hayaoni. Tena umepooza mkaa uliouhitaji. Mafuta yaliyodondoka hayakwenda popote, kaa likikolea tena yanawaka tena. Mchomaji wa baa anafanya hivyo kwa sababu wavu umejaa oda kumi na mbili, hana nafasi tupu ya kuhamishia. Wewe nyumbani una nafasi.

Pia chunga usijezoea, siku moja ukamwagia maji sufuria ya mafuta iliyowaka jikoni. Maji yanazama chini ya mafuta, yanachemka ghafla, na kuyarusha mafuta yakiwa yanawaka. Ile unaifunika na mfuniko, unazima jiko, unaondoka. Sinia la mafuta likiwaka, nalo limwagie chumvi nyingi.

Binti wa Chumbageni

Sisi wa Tanga hiyo nyama yenu ya kwanza hatumo, ila moto ni moto tu.

Mimi nauza mishikaki jioni. Nilipoanza nilikuwa nababua mpaka wateja wananiuliza kama nauza mkaa. Nikadhani ni mafuta ya nyama, kumbe nyama yangu ya ng'ombe haina mafuta kihivyo. Yalikuwa ya kwangu! Nilikuwa narowekea na nusu kikombe cha mafuta ya kula pamoja na tangawizi, kitunguu saumu, papai bichi na ndimu, halafu natunga kwenye vijiti na kuweka jikoni ikiwa bado inachuruzika. Kila kijiti kinatapika mafuta kwenye mkaa.

Siku hizi mafuta natia kijiko kimoja kwa kilo. Kabla ya kutunga naweka nyama kwenye chujio ichuje, halafu naifuta kwa kitambaa safi. Nyama ikiwa kavu juu inashika rangi upesi, haikai muda mrefu motoni. Ikiwa imelowa, kwanza inachemka kwa maji yake, inakuwa ya kijivu, ndipo baadaye ianze kubadilika, na muda wote huo unapepea na mafuta yanadondoka.

Asali au sukari usitie mwanzoni. Inaungua kabla nyama haijaiva na kuacha uchungu. Paka mwishoni kabisa.

Na mkaa jamani, chagueni. Ukiona vipande vya kahawia, vizito, ukivigonga havilii, hivyo ni visinga, havijaiva huko tanuruni. Vinawaka ulimi na kufuka moshi vyenyewe, hata bila tone la mafuta. Mimi navitoa, nawashia jiko la maharage. Kuwashia mkaa natumia vifuu, si mafuta ya taa wala mfuko wa nailoni. Harufu ya mafuta ya taa haitoki kwenye mshikaki hata uoshe na ndimu ya shamba zima.

Kichwa Maji

"Kama nauza mkaa" 😂😂 Dada unapatikana wapi?

Binti wa Chumbageni

Fuata moshi utanikuta. Ila siku hizi ni mdogo.

Mwarabu wa Pwani

Nipo Maskati. Huku mishikaki ni chakula cha barabarani kama kwetu, jiko jembamba refu, vijiti vinalala juu bila wavu, na mkwaju wa kuchovya pembeni. Niulize swali: upepeo unazima au unachochea? Mzee mmoja hapa mtaani kwangu, ulimi ukitokea anaupiga upepeo mmoja mkali na unapotea. Nikijaribu mimi unapanda zaidi.

Mzee wa Wavu

Yote mawili ni kweli. Pigo moja kali la ubavuni linaukata ulimi mdogo, kama unavyopuliza kibatari. Ukiendelea kupepea, unalipa kaa hewa na linakuwa na joto zaidi, tone linalofuata linawaka vizuri kuliko la kwanza. Mzee wako anapiga mara moja, halafu nina hakika anageuza kijiti mara hiyo hiyo. Tazama mkono wake wa pili.

Mwarabu wa Pwani

Nimetoka kumtazama. Kweli, anageuza!

Baridi Tupu

Nawasalimu kutoka Minnesota, Marekani. Huku wengi wana jiko la duara lenye mfuniko, lile la Weber. Alilibuni George Stephen mwaka 1952, alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha vyuma Chicago kilichotengeneza maboya, akakata boya na kulifanya jiko. Siri yake ni ule mfuniko na matundu ya hewa juu na chini. Ulimi ukipanda unafunika, unabana matundu, moto unakosa hewa. Ila ukifunua usiinamie, hewa ikiingia ghafla unaweza kuwaka tena na kukuchukua nyusi. Funua upande ulio mbali na uso.

Mtoto wa Kimara, pipa la jirani halina mfuniko?

Mtoto wa Kimara

Ngoja nikaulize... Upo! Ni ile nusu nyingine ya pipa, wanalalia kuku.

Bwana Mifugo

Nikiwa mtu wa mifugo niongeze mawili, maana tunacheka lakini hiyo "nyeusi nje, damu ndani" kwa kitimoto si ya kuchekea.

Tegu wa nguruwe, yule mnyoo, yupo nchini kwetu. Lava wake, yaani tegu wachanga, wanakaa ndani ya mnofu, vile vijifuko vyeupe ambavyo wengine wanaita chenga au mchele. Ulimi wa moto unakudanganya: unaona nyama imekuwa nyeusi, unadhani imeiva, kumbe moto umepiga ngozi tu. Mdau wa Minnesota anajua huko kwao wanaelekezana nyuzi 63 za Selsiasi katikati ya mnofu, halafu nyama ipumzike dakika tatu. Kwa hapa kwetu mimi napenda ipite 70, na nyama iwe imekaguliwa, ina muhuri. Kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama si ghali, na kinakuondolea ubishi na mashemeji. Kuku mfikishe 74.

La pili ni masizi. Mafuta yanapoungua kwenye mkaa moshi wake unabeba kemikali, mojawapo benzopireni, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani. Mshikaki mmoja hauui mtu. Lakini zile sehemu zilizokuwa mkaa kabisa, kata utupe.

Moto Ndiyo Ladha

Mnazidisha sasa. Bila ulimi wa moto nyama choma inakuwa nyama ya kuoka. Ule moto mkali unafunga vitundu vya nyama, maji yanabaki ndani. Hii hata wazungu wanajua.

Mzee wa Wavu

Huyo mzungu namjua, ni Mjerumani Justus von Liebig, mwanakemia wa karne ya 19. Ndiye aliyeeneza habari ya kufunga maji ya nyama, na imeshaonekana si kweli. Huhitaji maabara. Piga steki moto mkali pande zote, iweke kwenye sahani, rudi baada ya dakika tano. Hayo maji mekundu kwenye sahani yametoka wapi kama palifungwa? Na ile "chiii" unayoisikia muda wote ikiwa kwenye wavu ni maji yanatoka.

Ladha ninayoitafuta kwenye moto mkali ni ule ukoko wa kahawia, na ukoko unatokana na joto kali na nyama kavu, si ulimi. Ulimi unaleta weusi na uchungu. Moshi mdogo wa matone mawili matatu, huo sawa, ndio unaoifanya choma iitwe choma. Hapo tunakubaliana. Wewe unautaka uwe biwi.

Moto Ndiyo Ladha

Sawa mzee, ila mimi naendelea.

Wambui wa Choma

Hapa Nairobi tunawaangalia tu. Mguu wa mbuzi unakaa juu ya makaa yaliyofifia saa nzima na zaidi, chumvi pekee, mafuta yanachuruzika polepole. Mteja akilia njaa analetewa mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu, atulie. Shida yenu ni haraka.

Fundi Kona

Nachomelea majiko. Mnayoongea yote ni ya mkononi, niongelee chuma.

Kimo kwanza. Wavu ukiwa sentimita tano juu ya mkaa, kila tone ni bomu. Mimi naweka vishikizo viwili, cha chini sentimita 10 na cha juu 20, mteja anahamisha mwenyewe. Pili, Waajentina wana majiko ambayo badala ya waya wanatumia vyuma vyenye umbo la V vilivyolala mteremko. Mafuta yanaingia kwenye mfereji, yanatelemka hadi kwenye kibakuli mbele, hayafiki kwenye mkaa. Nimeshatengeneza mawili kwa vyuma vya kona, nikavigeuza mgongo chini. Yanafanya kazi, tatizo ni kuyasugua. Yakiganda mafuta ya wiki tatu kwenye mifereji, hapo umejijengea kibatari.

Na tafadhali msibanikie kwenye nyavu za uzio zenye rangi ya fedha. Ile ni zinki. Inayeyuka kwenye nyuzi kama 420 na kaa lililokolea linapita hapo bila jasho. Nondo nyembamba au chuma kitupu kinatosha.

Kichwa Maji

Uzi umeshiba huu. Mleta mada usipotee, tunataka mrejesho na picha.

Mtoto wa Kimara

Wakuu, mrejesho. Picha sina, mikono ilikuwa na mafuta.

Mfuniko niliunyang'anya kuku, nikausugua kwa brashi ya waya na kuuwashia moto mtupu nusu saa. Mkaa nusu debe tu safari hii, niliokota visinga sita nikavitupa nje. Nikausukumia kushoto, kulia nikaweka sinia la zamani la mama Jeni (sijamwambia bado). Mbavu nilimwomba mwenye bucha apunguze mafuta ya juu yabaki kama nusu sentimita, akanicheka, akapunguza. Nikazifuta. Chumvi tu, limao baadaye.

Kulia nikafunika. Dakika ishirini za kwanza nilikuwa nafunua kila mara kama mtu anayesubiri ujumbe, mpaka nikajikataza. Unasikia matone yanagonga sinia, to, to, to, na hakuna kinachowaka. Baada ya kama saa moja na robo nikachoma kipimajoto karibu na mfupa: 72. Nikahamia kushoto. Ulimi ulipanda mara mbili, mdogo, kimo cha kidole. Nikavuta mbavu kulia kwa koleo, nikahesabu, ulipofika sita ukafa. Nikarudisha. Ngozi ikawa ya kahawia inayolia ukiigonga kwa koleo.

Kondoo ndiye aliyenitesa. Mnofu ulikwenda vizuri, lakini nilijifanya mjuaji nikaweka na kipande cha mkia juu ya mkaa. Mzee, ule si nyama, ni mshumaa! Nilifunika na kubana matundu ya chini kwa matope niliyokuwa nimeyaandaa kwenye kopo, ukazima baada ya dakika hivi. Mkia wenyewe sikuuona tena.

Shemeji alikuja na jagi lake. Nikampa beseni, sabuni na taulo, nikamwambia kazi yake leo ni kunawisha wageni. Akanawisha vizuri sana. Mama mkwe alikula mbavu mbili, ya tatu akaomba afungiwe kwenye karatasi, akauliza huyu mchomaji nimemkodi wapi.

Swali la mwisho: ule mkia mnaufanyaje?

Mzee wa Wavu

Mkia wa kondoo haubanikwi, mwanangu. Ukate vipande vidogo, weka sufuriani na maji kikombe kimoja, moto mdogo mpaka maji yakauke na mafuta yajitenge. Chuja, weka kwenye chupa. Siku mnofu wa mbuzi ukiwa mkavu, unaupaka kidogo kwa manyoya ya kuku, ukiwa upande wa kulia.

Binti wa Chumbageni

Na makapi yake usitupe, kaangia mchicha.